Kupunguza mambo ya mtandao kwenye kerneli ya Linux ya laptopu: kuzima moduli, localmodconfig, au kuchonga kwa mkono?

Umeme ulikatika saa mbili usiku, ruta ikazimika nao, na mimi nilikuwa na kazi ya kutuma kabla ya saa nne. Sikushtuka. Nilichomeka simu kwenye laptopu kwa waya, nikaiambia igawe intaneti kwa USB, nikasubiri. Simu ikaonyesha kwamba inagawa. Laptopu kimya. `lsusb` iliiona simu vizuri kabisa, lakini `ip link` haikuonyesha kitu kipya. Nikaiita moduli ya kazi hiyo, yaani kipande cha kerneli kinachopakiwa kikihitajika, kwa jina lake, nikajibiwa hivi:

`modprobe: FATAL: Module rndis_host not found in directory /lib/modules/6.12.9`

Kerneli hiyo, yaani kiini cha Linux kinachosimamia vifaa vya mashine, sikuletewa na distro (mkusanyiko wa Linux ulio tayari, kama Debian au Ubuntu). Niliijenga mwenyewe Jumapili iliyotangulia, nikakata kila cha mtandao nilichoona hakina kazi, nikajipongeza. Usiku ule niliokolewa na hotspoti ya Wi-Fi, betri ya simu ikiteremka huku naitazama. Tangu hapo nimezijaribu njia zote nne zinazotumika kupunguza mambo haya, na nimeona kwamba watu wengi, nami nikiwamo, huchagua njia kabla ya kujua wanatafuta nini.

Unapunguza ili upate nini?

Jibu la haraka huwa ni "laptopu iwe nyepesi". Kwa upande wa mtandao, jibu hilo halifiki mbali. Debian, Ubuntu na Fedora hujenga sehemu kubwa ya itifaki na draiva za mtandao kama moduli, yaani zile zenye herufi `m` kwenye faili la mipangilio. Moduli ambayo haijapakiwa ni faili lililolala kwenye diski. Halili RAM, haligusi prosesa. Endesha `lsmod`, amri inayoorodhesha moduli zilizopakiwa, uangalie: AppleTalk (itifaki ya zamani ya Apple) haimo, ATM (itifaki ya mtandao, si mashine ya pesa) haimo, draiva za kadi za seva hazimo. Kukata kitu ambacho hakijapakiwa ili kuokoa RAM ni kama kumfukuza mpangaji ambaye hajahamia.

Vyenye herufi `y` ndivyo vilivyounganishwa ndani ya kerneli yenyewe na vinapanda kwenye RAM kila unapowasha mashine. Ila ukivitazama vya mtandao, vingi ni vile usivyoweza kuvikosa: TCP/IP na soketi za Unix, kwa mfano.

Faida za kweli ni tatu. Muda wa kujenga unapungua sana. Hilo halina ubishi. Nafasi ya diski inapatikana, ingawa mara nyingi mla diski mkubwa ni taarifa za utatuzi wa hitilafu zilizobandikwa ndani ya moduli, na hizo unaziondoa kwa `INSTALL_MOD_STRIP=1` bila kukata chochote. Ya tatu ni usalama, na hii ndiyo yenye nyama.

Kerneli ina tabia ya ukarimu uliopitiliza. Programu yoyote, hata ya mtumiaji wa kawaida asiye na mamlaka, ikiomba soketi (kituo cha mawasiliano) ya familia ya itifaki ambayo haijapakiwa, kerneli inamwita `modprobe`, programu inayopakia moduli, aitafute. Ukiomba familia namba 21, inatafutwa `net-pf-21`, na RDS inapakiwa. RDS ni itifaki iliyotoka Oracle kwa ajili ya seva za hifadhidata zinazofanya kazi kwa kundi. Kwenye laptopu ya mtu haina shughuli yoyote. Lakini mwaka 2010 Dan Rosenberg alionyesha tundu ndani yake, CVE-2010-3904 (CVE ni namba za orodha ya matundu ya usalama), lililompa mtumiaji wa kawaida mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mashine. Mwaka 2017 Andrey Konovalov akakuta la DCCP, CVE-2017-6074, lililokuwamo tangu itifaki hiyo iingie kwenye kerneli mwaka 2005. Mwaka 2021 ikawa zamu ya TIPC, CVE-2021-43267. Simulizi ni ileile mara tatu: msimbo usiotumiwa na wengi, unaopitiwa na macho machache, ukiwa hatua moja tu kutoka kwa mtu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine.

Nisikufiche upande wa pili. Tundu lililosumbua sana mwaka 2024, CVE-2024-1086, lilikuwa ndani ya nf_tables, sehemu ya kerneli inayochuja pakiti za mtandao. Hiyo huwezi kuikata kama unatumia faiawoli, Docker (programu ya kuendesha kontena), au unagawa intaneti kutoka kwenye laptopu. Kupunguza kunafunga madirisha ya uani. Mlango wa mbele unabaki palepale, na ulinzi wake ni masasisho.

Neno hilo, masasisho, lishike. Ndilo linalozitenganisha njia hizi kuliko yote.

Njia nne kwa mkupuo

| Njia | Unajenga kerneli? | Inaondoa nini | Inaweza kukuumiza wapi | Masasisho |
|---|---|---|---|---|
| Kuzima moduli kwa `/etc/modprobe.d` | Hapana | Uwezo wa kupakia | Karibu hakuna. Unafuta mstari unarudi ulipokuwa | Yanakuja na distro |
| `make localmodconfig` | Ndiyo | Moduli zote ambazo hazijapakiwa | Kifaa ambacho hakikuchomekwa siku hiyo | Ni juu yako |
| `make menuconfig` kwa mkono | Ndiyo | Ulichokichagua | Kukata kitu usichokijua | Ni juu yako |
| Kuanzia `defconfig` au `tinyconfig` | Ndiyo | Karibu kila kitu | Kila mahali | Ni juu yako |

Kuzima bila kujenga

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, labda kwa sababu haina kishindo. Unaandika faili moja, liite upendavyo, mradi liishie na `.conf`:

```
install rds /bin/false
install tipc /bin/false
install dccp /bin/false
install sctp /bin/false
install ax25 /bin/false
install x25 /bin/false
install appletalk /bin/false
```

Basi. Kerneli ikimwita `modprobe`, naye anaendesha `/bin/false` na kurudi mikono mitupu. Hakikisha kwa `modprobe -n -v rds`. Ukiona `install /bin/false`, imekamata. Tofautisha na neno `blacklist`, ambalo watu wengi hulitumia wakidhani limefunga kila kitu. `blacklist` inapuuza majina ya bandia ya moduli tu. Moduli ikiitwa kwa jina lake halisi, au ikiburutwa na moduli nyingine inayoitegemea, inapita.

Anayetumia Ubuntu ameshaanziwa kazi: lipo faili `blacklist-rare-network.conf` ambalo tayari limezima familia kadhaa adimu, zikiwamo AX.25, X.25 na RDS. Lifungue ulisome kabla ya kuandika lako.

Kasoro yake ni mbili. Faili la moduli linabaki kwenye diski, kwa hiyo nafasi haiokoki. Na haigusi kitu chenye herufi `y`. Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuweka `kernel.modules_disabled=1`, ambayo inafunga kabisa upakiaji wa moduli hadi mashine iwashwe upya. Kwa seva iliyokaa kwenye kabati, sawa. Kwa laptopu inayochomekwa flashi leo na modemu kesho, ni kujifungia nje na ufunguo ukiwa ndani.

localmodconfig

Hii iliingia kwenye kerneli 2.6.32 mwaka 2009, kazi ya Steven Rostedt, na wazo lake ni zuri kwa urahisi wake: soma `lsmod`, kilichopakiwa kibaki, moduli nyingine zote zitoke.

```
cp /boot/config-$(uname -r) .config
yes "" | make localmodconfig
```

Ukilinganisha na kujenga mipangilio kamili ya distro, tofauti ya muda unaihisi mwilini. Mara ya kwanza nilijenga mipangilio ya Debian bila kukata kitu, nikala, nikalala, asubuhi feni bado inalia. Baada ya `localmodconfig`, mashine ileile ilimaliza kabla chai haijapoa mara ya pili. Ukijenga kerneli mara kwa mara, kwa mfano unatafuta ni badiliko lipi limeharibu Wi-Fi yako kwa `git bisect`, huna sababu ya kutumia njia nyingine.

Ila elewa chombo hiki kinachokiona. Kinaona dakika ile tu. Simu yangu haikuwa imechomekwa Jumapili ile, kwa hiyo `rndis_host` haikuwa kwenye `lsmod`, kwa hiyo ilikatwa. Halikuwa kosa la chombo, kiliniuliza "unatumia nini?" nami nikajibu nusu.

Dawa zake zipo tatu. Ya kwanza ni ya kimaskini na inafanya kazi: chomeka kila kitu, washa kila kitu, ndipo uendeshe amri. VPN iunganishe. Kontena moja la Docker liwashe. Spika ya Bluetooth iunganishe. Ya pili ni `modprobed-db`, programu inayoandika kila moduli iliyowahi kupakiwa; iache wiki tatu nne, kisha uelekeze `LSMOD=` kwenye faili lake. Ya tatu ni `LMC_KEEP`, inayoambia chombo kisiguse matawi fulani ya msimbo:

```
make LMC_KEEP="drivers/net/usb:drivers/usb/serial:drivers/net/ppp" localmodconfig
```

Mstari huo mmoja ungeniokoa. Matawi hayo matatu ndimo zilimo draiva za simu kwa USB, adapta za ethaneti za USB, na modemu za laini.

Jambo moja linalosahaulika: `localmodconfig` haigusi `y`. Kwa hiyo anayedhani amepata kerneli "safi" afungue `.config` atazame tena. Yupo pia ndugu yake, `localyesconfig`, anayegeuza moduli zako zote kuwa `y`. Kwa laptopu yenye Wi-Fi ya Intel simpendekezi. `iwlwifi` ikiwa `y` inaamka mapema, inatafuta famuwea yake (programu inayoendesha kadi yenyewe) kabla mfumo wa mafaili haujafunguka, haioni, na `dmesg` inakuandikia `Direct firmware load ... failed with error -2`. Unaweza kuibandika famuwea ndani ya kerneli au kwenye initramfs (mfumo mdogo wa mafaili wa mwanzo wa kuwasha), lakini kwa nini ujitwike? Wi-Fi iache `m`.

menuconfig kwa mkono

Hapa unaingia mwenyewe. "Networking support", kisha "Networking options" ni za itifaki. Draiva ziko kwenye "Device Drivers", chini ya "Network device support". Alama ya `/` inatafuta, `?` inaeleza. Ni njia ya polepole, na ndiyo pekee inayokufundisha kitu. Niliketi nayo jioni mbili.

Kitu cha kwanza kitakachokukera ni kisanduku kilichoandikwa `-*-`, ambacho hakibonyezeki. Vingine havina hata kisanduku. Nilitaka kuitoa LLC, itifaki ya zamani ambayo nilikuwa na hakika siitumii. Haikuwa na pa kubonyeza. Nilipoitafuta kwa `/`, sehemu ya "Selected by" ikataja `BRIDGE`. Daraja la mtandao linaihitaji LLC, na daraja lilikuwapo kwa ajili ya Docker. Yaani mti huu haukatwi tawi unalolichukia. Unakatwa kuanzia kwenye anayelishikilia. Ukishaelewa hilo, menyu nzima inageuka kuwa ramani.

Kama unajua tayari unachotaka, usihangaike na menyu:

```
scripts/config --disable HAMRADIO --disable ATALK --disable X25 --disable ATM
make olddefconfig
```

Kuhusu `defconfig` na `tinyconfig` sina mengi. `tinyconfig` inakupa kerneli isiyo na mtandao kabisa, unaongeza kimoja kimoja. Ni shule nzuri kwa anayejenga kifaa kidogo, au kwa mwanafunzi mwenye likizo ndefu. Kwa laptopu ya kazi, hapana.

Kipi kiende, kipi kibaki

Vinavyoondoka bila mjadala: AppleTalk, X.25 na LAPB, ATM, TIPC, RDS, na redio za ridhaa, labda kama wewe ni mtu wa redio kweli. IPX usiitafute, iliondolewa kwenye toleo 4.18, DECnet iliondoka kwenye 6.1, na DCCP ikafuata 2025. Yaani ukitumia kerneli mpya, sehemu ya kazi hii umeshafanyiwa na wenyewe. CAN ni ya magari na mitambo. Fundi anayesoma kompyuta za magari aiache, wengine waitoe. InfiniBand, MPLS, Open vSwitch ni za vyumba vya seva.

Draiva za kadi za ethaneti zipo nyingi mno. Laptopu yako ina moja, pengine `e1000e` au `r8169`. Wi-Fi nayo ni moja: `lspci -k` itakutajia draiva kwa jina. Kwa Intel kumbuka ni mbili kwa pamoja, `IWLWIFI` na `IWLMVM` kwa kadi nyingi za miaka ya karibuni. Ya kwanza bila ya pili haifai kitu, na menyu yenyewe inakuonya.

Vinavyoonekana kama takataka kumbe ni nguzo: `CONFIG_PACKET` na `CONFIG_UNIX`. Ya kwanza ina jina lisilosema kitu, lakini programu za DHCP huitegemea, maana zinaomba anwani wakati mashine bado haina anwani. Ukiitoa, Wi-Fi inaweza kuunganika kisha ikakaa bila IP, nawe ukamlaumu ruta. Ya pili ikitoka, systemd, udev na D-Bus vyote vinaanguka na hutafika hata kwenye skrini ya kuingilia. `CONFIG_TUN` ni ya OpenVPN. WireGuard imo ndani ya kerneli tangu 5.6 ya mwaka 2020, iache kama ofisi yako inaitumia.

IPv6 naona watu wanaitoa kwa hasira za zamani. Usiitoe. Kama inakusumbua mahali fulani, `ipv6.disable=1` kwenye mstari wa kuwashia inatosha, na siku ukibadili mawazo hujengi upya.

Bluetooth ina mtego mdogo. Muziki utasikika hata bila `RFCOMM`, lakini maikrofoni ya earphone zako inaitegemea, kwa hiyo utagundua kosa ukiwa katikati ya kikao, unawasikia wote na hakuna anayekusikia. `BNEP` ni ya kugawa intaneti kwa Bluetooth.

Sasa simu na modemu, ambapo kwa wengi wetu intaneti ndiyo inatoka kwenye bando. Simu nyingi za Android zinatumia `rndis_host`, baadhi ya mpya zinatumia `cdc_ncm`. iPhone inataka `ipheth`. Modemu za USB hazieleweki hadi uzichomeke: moja itajitokeza kama kadi ya mtandao kupitia `cdc_ether`, nyingine itataka `option` na PPP, nyingine `qmi_wwan`, `huawei_cdc_ncm` au `cdc_mbim`. Modemu mbili za rangi moja zilizonunuliwa duka moja zinaweza kutumia draiva tofauti. Kwa hiyo kundi hili lote liache kama moduli, hata kama hulitumii leo. Zikiwa hazijapakiwa hazikugharimu chochote, kama nilivyosema juu.

Gharama isiyoandikwa kwenye menyu

Msimbo wa kerneli 6.12 ukiwa umebanwa unakaribia MB 150. Mara moja si kitu. Lakini matoleo ya marekebisho hutoka karibu kila wiki, na kerneli uliyojijengea haipati sasisho kwa `apt`. Unaweza kupakua viraka vidogo kati ya toleo na toleo badala ya msimbo mzima, na nakushauri hivyo kama unahesabu bando, ila kujenga ni lazima ujenge. Kerneli iliyokatwa vizuri na kuachwa miezi minane bila sasisho ni hatari kuliko ya distro iliyojaa AppleTalk na kusasishwa jana.

Kuna na visiki vya njiani. Ukinakili mipangilio ya Debian au Ubuntu, ujenzi unaweza kukwama ukidai faili la vyeti ambalo huna. Futa thamani kwa `scripts/config --set-str SYSTEM_TRUSTED_KEYS ""`, na kwa Ubuntu fanya hivyo pia kwa `SYSTEM_REVOCATION_KEYS`. Secure Boot ikiwa imewashwa, kerneli isiyosainiwa haitawaka hadi uisaini kwa ufunguo wako ulioandikishwa kupitia `mokutil`. Na kerneli ya distro usiiondoe kamwe kwenye menyu ya GRUB, ile unayochagulia kerneli unapowasha mashine.

Nani achukue ipi

Unayetaka usalama tu, laptopu ya kazi au chuo: faili la `modprobe.d`, dakika tano, rudi kwenye shughuli zako. Sioni hoja ya kukupeleka kwingine. Unayejenga kerneli kwa sababu nyingine, iwe kiraka cha skrini, draiva mpya au kutafuta hitilafu: `localmodconfig` pamoja na `LMC_KEEP`, kisha `menuconfig` kwa dakika kumi ili kuangalia kilichobaki. Unayetaka kuelewa mtandao wa Linux unavyofungamana: `menuconfig` kwa jioni kadhaa, kwenye mashine ya pili au mashine pepe, usikimbilie. Mwenye laptopu ya zamani yenye RAM ya GB 2 anayetafuta wepesi, mtandao siyo mahali pa kuutafuta. Aanze na kivinjari na mazingira ya eneokazi.

Mimi siku za kazi natumia kerneli ya distro pamoja na faili lenye mistari kumi na moja. Ile ya kujijengea ipo, ya tatu kwenye GRUB, na kabla ya kuijenga upya naweka mezani simu yangu, iPhone ya dada, modemu mbili za zamani na adapta ya ethaneti ya USB niliyoazima kwa jirani. Nachomeka kimoja, nangoja `lsmod` ibadilike, nachomoa, nachomeka kingine. Moduli zinabaki zimepakiwa hata kifaa kikishatolewa, kwa hiyo bandari moja inatosha.